Kanga Aliyeikalia Chipu ya Ngiri

Nina ngano!
– Itoe tuisikie!
Niitoe?
– Itoe, utamu uje!

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na kompyuta zao. Na palikuwa na mafundi wawili, Ngiri na Kuchakulo, yule kindi wa ardhini. Wote walitengeneza chipu, yaani ubongo wa kompyuta. Ngiri alikuwa na karakana kubwa na sauti kubwa. Kuchakulo alifanya kazi shimoni, kimya.

Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi, aliuza mahindi yake yote akanunua hisa za Kuchakulo. Kazi ya Kuchakulo ikistawi, naye atapata fungu lake. Jirani yake Kunguru akanunua vilevile.

Siku moja Ngiri akapiga ngoma. "Chipu yangu mpya yaja! Ina mbio kuliko umeme!"

Hisa za Kuchakulo zikashuka. Kunguru akaja mbio. "Bi Kanga, tuuze, twende kwa Ngiri!"

"Chipu yenyewe umeiona?"

"Nimeisikia."

"Basi mimi nangoja niione."

Ngiri akapiga ngoma mara ya pili. Hisa zikashuka zaidi. Kunguru akauza zake, akahamia kwa Ngiri.

"Jirani, utalala njaa na wanao!"

Bi Kanga akawatazama wanawe. Lakini hakuuza.

Ngoma ikalia mara ya tatu, na chipu ikafika kweli. Kobe, mchapaji barua wa sokoni, akanunua. Bi Kanga akamwendea.

"Bwana Kobe, chipu hii ikoje?"

Kobe akakohoa. "Mbio inazo, mama. Lakini iguse mwenyewe."

Kanga ni ndege, jamani. Hakugusa. Alipanda juu ya kompyuta akaikalia kama anayeatamia mayai. Hata mkia haujatulia, alikwisha kuruka hadi darini, manyoya yanafuka moshi!

"Bwana Kobe! Hii kompyuta au jiko?"

"Ndiyo hiyo, mama. Barua moja tu, inazima yenyewe. Kesho narudi kwa Kuchakulo."

Na si Kobe peke yake. Wanyama walipanga foleni shimoni kwa Kuchakulo mpaka njia ikaziba. Hisa zake zikapanda, zikapanda, zikapanda. Za Ngiri zikaporomoka, na Kunguru nazo.

Bi Kanga akapata fungu lake, akajaza ghala. Kunguru akaja, kichwa chini. Bi Kanga akamwekea sahani ya kande.

"Jirani," Kunguru akauliza, "ulijuaje?"

"Sikujua. Niliungua."

Wakacheka mpaka kande ikawapalia.

Ngiri naye aliona haya, akarudi karakanani, akatengeneza chipu isiyochoma. Kuchakulo akaona, akaongeza bidii. Wakashindana hivyo, na wanyama wakapata chipu nzuri kwa bei nafuu.

Basi wanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujampa fundi mali yako, waulize wanaoitumia kazi yake.

Ngano yangu imekoma. Ikiwa tamu, ichukueni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.