Mkaja wa Melania

Hapo zamani, wala si zamani sana, siku ya Alhamisi, tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne na robo asubuhi, mkaja mmoja ulilazwa juu ya mkeka katika kijiji cha Lukanda, penye mto wa maporomoko. Mkaja, kama mjuavyo, ni kitambaa apewacho mama wa bibi harusi. Bibi harusi alikuwa Melania, na mama yake alikwisha kufariki. Wakabaki watu watatu wakiutazama, kila mmoja akiudai.

Mto ule ulikuwa na usubi, inzi weusi wadogo waumao mchana, na watoto walioumwa mno waliishia kuanguka kifafa. Nyumba hii ilikwisha kuzika wawili: mmoja aliangukia motoni, mmoja mtoni. Melania alitimiza miaka ishirini bila kuanguka hata mara moja.

Akasema Filotea, shangazi yake: "Mimi niliacha shamba la mpunga kule mtoni, nikamhamishia mlimani kwenye mawe, inzi wasikofika. Miaka kumi na mitano nimekula mihogo. Mgongo huu mnauona."

Akasema Otilia, mgawa dawa za usubi: "Inzi hawakupanda, dada, lakini mtoto aliteremka kuteka maji kila siku. Kila mwaka nilipanda mlima huo na fimbo yangu, nikampima kimo, nikampa vidonge kwa kadiri ya kimo chake. Hata mwaka ule uliponifungulia mbwa, nilirudi."

"Mbwa mwenyewe alikuwa kibogoyo," akasema Filotea.

Akasema Kasiani, kaka yake Melania, mwenye kovu la moto shavuni: "Na nani aliyemfanya shangazi amfunge mbwa huyo? Alikuwa akisema vidonge huua uzazi. Nikaanguka mlangoni pake. Wote mkakimbia, mkiogopa povu langu. Nilipozinduka nikamwambia: shangazi, nitazame vizuri, kisha umtazame Melania. Kesho yake akamwita Otilia. Mimi dawa ilinikuta nimekwisha kuchelewa."

"Mkaja hufungwa tumboni, baba," akasema Otilia. "Wewe utaufunga wapi?"

"Kichwani. Ndiko kunakouma."

Mshenga aliyeuleta mkaja, naye amechoka kusimama, akauliza: "Na kama binti asingeanguka kamwe, hata bila ninyi?"

Wote watatu wakamgeukia Melania. Azuiaye hana cha kuonyesha ila mtu mzima aliyesimama.

Wapo wasemao kwamba mkaja ulikatwa vipande vitatu. Si kweli. Wapo wasemao kwamba ilikuwa jioni, watu wamekwisha kulewa. Si kweli, ilikuwa saa nne na robo, na pombe ilikuwa haijachujwa. Wapo wasemao kwamba Melania alilia. Hakulia. Aliuokota mkaja, akaukunja, akasimama nao mbele ya watu watatu, na kila mmoja wao alikuwa amechoka kwa ajili yake.

Nanyi mmewasikia. Mkaja ni mmoja. Je, nani aliyestahili kuufunga?