Nani Aliyempata Hondohondo wa Kwemlola?

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana waliokuwapo bado wanapanda viazi, kilikuwapo kijiji katika milima ya Usambara kikiitwa Kwemlola. Kijiji kile kilikuwa na msitu, na msitu ule ulikuwa na hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda. Watu wa Kwemlola walijivunia ndege wao kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Lakini watu wa kijiji jirani walitaka msitu ukatwe walime kabichi. Wakasema, "Hondohondo gani? Alishahama. Mnalinda miti mitupu."

Mkutano ukaitishwa kuamua. Kwemlola wakajibu, "Tutakuja na picha yake."

Waliopanda msituni walikuwa watatu, watu wa nyumba moja. Wa kwanza Nasemba, fundi cherehani, aliyenunua kamera kwa kushona sare za shule, akajifunzia kwa kuku wake hata kuku wakazoea kusimama wapigwe picha. Wa pili shemeji yake Mbaruku, mlinzi wa msitu. Wa tatu wifi yake Mwanjaa, dada wa Mbaruku. Huyu kamera hajawahi kuishika; alibeba chupa ya chai na maneno mengi.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, anga bila wingu. Njiani Mbaruku akasema, "Jike amejifungia ndani ya shimo la mti. Mlango umezibwa kwa tope, umebaki ufa tu. Dume humletea matunda, akamlisha ufani. Tukimpata akilisha, hakuna atakayebisha. Bonde lenyewe nalijua. Mti ndio siujui."

Hawajafika bondeni, ukungu ukashuka. Mtu haoni hata mkono wake.

"Shemeji, tumepotea," akasema Nasemba.

"Nyamazeni," akasema Mbaruku. Hata Mwanjaa akanyamaza.

Wakasikia mbawa nzito: vuu, vuu, vuu. "Anapita kushoto," Mbaruku akanong'ona. Akafuata sauti ile, akasimama, akasikiliza, akafuata tena, na wanawake wamemshika shati, mpaka kiganja chake kikagusa gome la mti mkubwa. Juu yao mdomo ukagonga: ko, ko, ko.

Upepo ukaja ukafukuza ukungu. Wakaanza kucheka. Kicheko hakijaisha, ikashuka mvua ya mawe! Mbaruku akavua koti akaifunika kamera, mawe yakamchapa mgongoni.

"Turudi!" akalia Nasemba. "Tutakufa kwa baridi!"

"Kweli, turudi," akasema Mbaruku, meno yakigongana.

Mwanjaa akaketi kwenye matope. "Nendeni. Mimi sishuki kwenda kuchekwa na watu wa kabichi."

Nao wangemwachaje? Wakabaki.

Mvua ikakatika, jua likachomoza, na dume akarudi na tunda mdomoni. Nasemba akainua kamera. Akamwona wazi, akaliweka shimo mahali pake, akatengeneza mwanga. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Wifi! Siwezi kubonyeza. Weka kidole chako hapa. Nikisema sasa, bonyeza. Bado... bado..."

Mwanjaa hakungoja. Akabonyeza.

Dume akaruka, akaenda zake. Wakainama kutazama picha. Tunda lilikuwa katikati ya midomo miwili, wa dume nje na wa jike ufani, tone la maji linaning'inia, na kila unyoya unahesabika. Mbaruku akafuta macho akisema ni mvua.

Picha ilipoonyeshwa mkutanoni, watu wa kabichi waliisogelea kuitazama. Kisha mwanamke mmoja wa kwao, bila kuulizwa, akapiga kigelegele. Msitu ukabaki.

Kwemlola, kwa furaha, wakajenga jukwaa la kutazamia ndege, wakasema litaitwa kwa jina la mtu aliyeipata picha ile. Jina moja tu. Wakawaita watatu wale wajieleze.

Nasemba akasema, "Kamera yangu, jicho langu. Mimi ndiye niliyempanga ndege yule kwenye picha. Kidole bila jicho kingepiga mawingu."

Mbaruku akasema, "Jicho gani lililoona ndani ya ukungu? Ni sikio langu lililowafikisha. Na bila koti langu, kamera ingekufa maji. Nililala na homa siku nyingi, wala sijuti."

Mwanjaa akasema, "Nyote wawili mlitaka kurudi, ni mimi niliyewakatalia. Na wifi alikuwa akisema bado. Ningemtii, tungepiga picha ya tawi tupu."

"Ulibahatisha!" akasema Nasemba.

"Nilimwona dume akifumbua mdomo," akajibu Mwanjaa.

Hakuna aliyeomba kugawana, maana kila mmoja alikuwa na haki ya kuringa, na wote walisimama vifua mbele. Wanakijiji wakabishana mpaka sauti zikawakauka, wakashindwa kuamua.

Basi nawaachia ninyi mnaonisikiliza. Mwenye jicho, mwenye sikio, au mwenye kidole: jukwaa lile liitwe kwa jina la nani?