Firigisi ya Kikundi cha Alama

Hapo zamani, si ile ya majitu, ni hii ya juzijuzi kompyuta zilipokuwa bado na kisogo, palikuwa na kikundi Njombe cha watu walioandika kwenye kompyuta kwa alama, za kuiambia kipi kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kichwa cha habari kina alama ya kufungua na alama ya kufunga. Wino mzito, hivyo hivyo. Tanbihi, hivyo hivyo. Ukisahau kufunga, utajijua mwenyewe! Kila Jumamosi walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasimuliana yaliyowakuta, wakala kuku. Na firigisi, ambayo kwingine huachiwa baba mwenye nyumba, pale ililiwa na aliyeokoa kazi ya mwenzake. Ililiwa nzima, haikatwi.

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya Mwalimu Eselina Mgaya, mstaafu. Kuku yuko jikoni, Mwalimu yuko sebuleni analia. Kitabu chake cha nyimbo za mama yake kilitakiwa kwa mchapaji Jumatatu. Kikichelewa, nafasi anapewa mwingine, naye mama alikuwa amelala chumba cha pili, mgonjwa. Mwalimu alitaka mama akishike kitabu angali hai. Sasa kompyuta imekisoma mpaka mwisho, haikutoa hata ukurasa, ikaandika tu: Kitabu kimekwisha, bado nasubiri.

"Tufute alama zote tuanze upya," walisema wengine.

"Msiguse!" akasema Nasra, karani wa mahakama. "Inasubiri kufungiwa. Kuna alama imefunguliwa, haikufungwa."

Lakini ipi, kati ya alama zote zile? Tuntufye, fundi redio, akakaa mbele ya kompyuta. Akakata kitabu nusu. Nusu hii inatoka? Inatoka. Nusu ile? Inagoma. Akaikata iliyogoma. Hii inatoka? Inatoka. Ile? Inagoma. Akakata, akakata, jasho linamtoka na harufu ya kuku inamwingia, mpaka akabaki na sura ya nyimbo za mavuno, iliyojaa tanbihi tupu.

Hapo Faraji, muuza vitabu, akakohoa. "Ni mimi. Juzi nilipomsaidia Mwalimu kufupisha tanbihi ya wimbo wa ulezi, nadhani nilikata nikapitiliza, nikaondoka na alama ya kufunga."

Wakatazama. Kweli! Wakafunga, kitabu kikatoka chote, Mwalimu akapiga vigelegele akasahau machozi. Kuku akaletwa.

"Firigisi yangu," akasema Nasra. "Bila mimi mngefuta kila kitu."

"Yangu," akasema Tuntufye. "Wewe ulisema ipo. Mimi ndiye niliyeisaka."

"Yangu," akasema Faraji. "Bila mdomo wangu mngekesha."

"Bila mkono wako tusingeanza! Tena umekiri ulipoona nakukaribia," akasema Tuntufye.

"Ningenyamaza, lawama ingekuwa ya Mwalimu. Kusema ukweli mbele yenu ni kazi rahisi?"

Mara sauti ikatoka chumba cha pili, nyembamba lakini kali. "Eselina! Hao wanaogombana, waulize: bila nyimbo zangu wangeokoa nini? Nina meno manne, firigisi laini naiweza."

Mwalimu amesimama na upawa, firigisi inafuka moshi. Sahani tatu zimenyooshwa, na mlango wa chumba uko wazi.

Haya, nyie mnaonitolea macho, upawa nawakabidhi. Je, nani anastahili?