Bi Pimbi Aliyeamriwa Afe Ijumaa

Haya, paukwa!

— Pakawa!

Televisheni mmezima?

— Tumezima!

Waongo nyie, naisikia mpaka huku. Punguzeni sauti basi, niwape ya Bi Pimbi.

Hapo zamani, wala si zamani sana, alikuwepo Bi Pimbi, mwigizaji wa televisheni. Shingo hana, mkia hana, na kipaji, mwenyewe alikiri, hana pia. Siku ya kwanza alipewa maneno mawili tu: "Karibuni chakula." Akayasahau! Taa zinamwakia usoni, mate yamemkauka, akabana midomo, akasema, "Mh!" Pori zima likaangua kicheko. Kesho yake kila mtu anamwiga, swala mh, kobe mh. Akafanywa Mama Mkwe wa mchezo, akala miaka saba kwa mh moja.

"Mimi ni nyota," alikiambia kioo. "Nyota ya kusahau." Lakini aliipenda kazi ile, jamani! Bila Mama Mkwe angekuwa pimbi tu wa kuota jua jiweni.

Mwenye kituo cha televisheni alikuwa Fisi. Kila kipindi Mama Mkwe hupakuliwa pilau la nyama. Bi Pimbi, mla majani, anatafuna nya nya nya, anageuka, anatemea kwenye kanga, pu! Fisi anatazama, udenda chururu. Anatafuna, anatema, Fisi anatazama, chururu.

Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Bi Pimbi, Ijumaa Mama Mkwe anakufa. Naingia mimi, shemeji yake, nirithi kiti."

"Na sahani?"

"Na sahani."

"Nife vipi, bosi?"

"Haraka!"

Bi Pimbi akaenda kwake akalia. Alilia vizuri kuliko alivyowahi kulia kwenye mchezo, na hakuna aliyemwona.

Ijumaa ikafika. Mchezo unarushwa moja kwa moja, pori zima linatazama. Mama Mkwe kitandani, shemeji Fisi pembeni, macho kwenye sufuria.

"Kata roho," Fisi ananong'ona.

"Bado, natoa wosia. Kitanda changu apewe mkwe wangu."

"Kata roho!"

"Bado, natoa wosia. Kanga zangu apewe jirani."

Fisi afanyeje? Nani anamkatiza mtu wosia wake, tena mbele ya watu?

"Na shemeji yangu huyu, kwa anavyonipenda, asitie nyama mdomoni mpaka anione nimesimama."

Pori zima: "Amina!"

Bi Pimbi akafumba macho, akaanza kukoroma, khrr, khrr.

Matangazo yakaingia. Fisi mbio, tifu tifu, mpaka buchani kwa Mbweha.

"Nipe kilo moja."

"Huna haya! Shemeji yako mahututi, na wosia tumeusikia!"

"Ule ni mchezo!"

"Mchezo? Nimelia nikalowesha kanga mbili!"

Akaenda kwa Kunguru wa mishikaki. "Wosia!" Akaenda kwake. Mkewe akafunika chungu. "Mume wangu, wosia."

Fisi akaganda. Pimbi akifa leo, atasimama lini? Nyama ndiyo basi! Akarudi mbio, tifu tifu, akapiga magoti mbele ya kamera.

"Shemeji, usife! Simama! Pilau kula wewe, mimi nitanusa tu!" Machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka.

Bi Pimbi akafungua jicho moja, akanong'ona. "Kipindi kijacho Mama Mkwe nani?"

"Wewe!"

"Na vingine?"

"Wewe, mpaka uzeeke!"

Bi Pimbi akaruka kutoka kitandani, hata mganga wa mchezo hajabisha hodi. Kupona kubaya kuliko kote kulikowahi kuigizwa!

Mwisho wa mwaka ikatolewa tuzo ya mwigizaji bora. Bi Pimbi kapendeza, kakaa mbele, hotuba mkononi. Tuzo akapewa Fisi, kwa kile kilio. Bi Pimbi akatabasamu, akapiga makofi, pa pa pa, na kila mtu akaamini amefurahi. Ndiyo siku pekee aliyoigiza vizuri.

Fundisho, wanangu: bosi akikuambia ufe, kufa upesi, usimsumbue. Na msitumie ujanja kazini, si mmeona? Bi Pimbi haukumsaidia kitu, ameambulia kazi tu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Tamu yake nendeni nayo, chachu yake niachieni.