Mchicha Usio na Dawa

Sogeeni, na asisinzie mtu, maana mwisho nitataka jibu.

Katika nyumba yetu ya kupanga, Kihonda, wapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Tausi anajua udongo. Chausiku anajua mbegu. Mwanahawa ana macho ya kumwona kiwavi kabla kiwavi hajamwona yeye.

Zamda, mpangaji wa chumba cha nne, alikuwa na mimba ya miezi mitatu na damu ndogo. Kliniki wakampa vidonge, wakamwonya ale mboga za majani kila siku, la sivyo kujifungua kutakuwa kwa hatari. Akarudi analia.

"Mimi nimepewa dawa, na mchicha wa sokoni nao umepigwa dawa. Ule msafi wa dukani ni wa wenye magari!"

Wale watatu wakaamua kumlimia mchicha nyumbani, lakini udongo wa uani ni kokoto tupu. Bi Tausi akazoa samadi ya mbuzi kwa jirani, akaiozesha chini ya dirisha lake mwenyewe. Mwezi mzima alilala na harufu ile, nasi tukamcheka, hadi alipoijaza kwenye viroba vya kupandia.

Chausiku akafungua fundo la kanga, akatoa mbegu alizokuja nazo kutoka kwao Kilosa. Zilikuwa za mwisho. "Nilizitunzia shamba nitakalonunua," akasema. "Basi, shamba ndilo viroba hivi." Akazipanda zote.

Viwavi wakaja. Bi Tausi na Chausiku wakataka kupuliza dawa, mara moja tu. Mwanahawa akagoma. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufua nguo za watu, akageuza jani moja moja na kuwatoa kwa vidole.

Zamda akala mchicha mpaka akaichukia rangi ya kijani. Damu ikapanda. Akajifungua salama mtoto wa kike, mchana kweupe.

Leo ni siku ya saba, na Zamda ameapa kumpa mtoto jina la aliyemwokoa.

"Bila mbegu zangu mngepanda nini?" Chausiku akauliza.

"Kazaliwa mchana, aitwe Chausiku?" Mwanahawa akacheka. "Na bila vidole vyangu, angekula mabua?"

Bi Tausi hakucheka. "Ninyi mna watoto na wajukuu. Mimi sikuzaa. Nikifa, jina langu naondoka nalo."

Zamda akanipa kadi ya kliniki niandike mimi, na mkono wangu umegoma.

Kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?