Mbega na Moto wa Matanga

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wapi, ya walioshiba? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, kule milimani ambako mwezi wa sita ukitema mate yanafika chini yameshaganda, kila mnyama alikuwa na mafiga yake na moto wake. Moto wako ukizimika, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Naomba moto."

Jirani anakutilia kaa, anakuuliza habari za watoto, basi, unaondoka. Hakuna aliyelipa. Kumlipisha mwenzio moto ilikuwa aibu, kama kumlipisha salamu.

Siku moja akafa Mtemi Tembo. Kilio hicho! Na desturi ya milima ile ilikuwa hivi: akifa mtemi, mioto yote inazimwa. Yote. Unabaki mmoja tu, wa pale matangani. Wote wanaota pamoja, wanakula pamoja, wanalia pamoja. Matanga yakianuliwa, kila mmoja anachota kaa pale, anakwenda kuwasha kwake upya.

Wakazima. Pimbi naye akazima. Pimbi alikuwa mjamzito, mwili mdogo, manyoya haba, na ulimi… ulimi wake usiseme. Akamwaga maji mafigani, tshhh! Akasema, "Pumzika, mtemi wetu." Akaenda kulia kama wenzake.

Moto wa matanga akapewa Mbega autunze. Mnamjua Mbega? Mweusi tititi, mweupe pepepe. Joho refu begani, shali nyeupe hadi mkiani. Anaongea kwa pua. Huyo moto hana haja nao, amezaliwa na koti! Kwa nini basi akapewa yeye? Kwa sababu ya hilo hilo koti. Wanyama wakiona koti, akili zinakwenda likizo.

Matanga yakaanuliwa. Pimbi akafika na kigae.

"Shikamoo, mzee Mbega. Naomba moto."

"Marahaba, binti. Kuni ziko wapi?"

"Kuni za nini?"

"My dear, moto una gharama. Kuna usimamizi, kuna usalama, kuna service charge. Mzigo wa kuni, kaa moja."

Wanyama wakatazamana. Nungunungu, jirani yake Pimbi, akakohoa.

"Labda ndio utaratibu mpya," akasema.

Utaratibu! Neno hilo likawafunga midomo wote. Wakaenda kutafuta kuni.

Sasa sikieni vizuri. Kuni wanakata wao. Wanabeba wao. Wanampa Mbega. Mbega anazitia motoni. Moto unatoa makaa. Makaa anawauzia wao! Mmeona? Mtoto mdogo anaona. Ila wakubwa walikaa wakaelezana kwa nini ni sawa, na waliosoma zaidi ndio walioeleza vizuri zaidi.

Kipupwe kikaingia. Ukungu ukashuka, umande ukaganda majanini mweupe kama chumvi. Pimbi akajifungua. Mtoto mmoja, mdogo kama ngumi, anatetemeka tetetete. Kaa moja litafanya nini? Likifika nyumbani limefifia, na kuni za kuliwashia zimebaki kwa Mbega; jua likipanda ni jivu. Pimbi akafunga mzigo wa kuni, akambeba mtoto mgongoni, akapanda kilima. Chapu, chapu, chapu.

"Bei imepanda," Mbega akasema. "Mizigo miwili."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze. Wahitaji wameongezeka. It's the market, my dear."

"Yaani baridi ikizidi ndipo unapandisha?"

"Kiangazi nitashusha."

"Kiangazi nani anaota moto, wewe?"

Akashuka, akaongeza mzigo, akapanda tena. Chapu, chapu, chapu. Akapewa kaa dogo kama jicho la kuku. Haukupita muda, ikawa mizigo mitatu. Eti kuna tozo ya upepo.

"Tozo ya nini?"

"Upepo ndio unaochochea moto, na upepo una mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mbega akatazama juu mawinguni.

Halafu akamtuma Kunguru. Kunguru huyo, mlango kwa mlango: "Krawa! Krawa! Ushauri wa bure! Laleni mapema! Jikunjeni! Kuleni kibichi, kina vitamini! Zibeni matundu! Krawa!"

Pimbi akamrushia jiwe. "Ushauri wa bure, moto wa kununua! Mwambie bwana wako aje ajikunje hapa, alivue na hilo koti!"

"Dada Pimbi, mimi natangaza tu. Na mimi nina watoto."

"Basi katangazie watoto wako!"

Asubuhi moja mtoto hakutetemeka. Pimbi akafurahi, akadhani amezoea baridi. Akamgusa. Pua imepoa kama jiwe la mtoni. Akampa ziwa, hakushika. Akamwita, hakufumbua jicho. Mtoto anayetetemeka bado anapigana. Aliyeacha kutetemeka anakwenda.

Akambana kifuani, akakimbia kilimani, hana kuni, hana kigae.

"Nikopeshe kaa, mzee wangu. Mtoto anakufa."

Mbega akamtazama mtoto. Akaivuta shali yake vizuri.

"Pole sana, binti. Kwa kweli inasikitisha. Lakini nikikupa wewe, na wengine watataka."

Nyuma yake moto unawaka, ta! ta! ta! Pimbi akaliona gogo la mtarakwa alilolivuta mwenyewe juzi, akachunika bega. Linawaka vizuri kweli. Linampasha joto nani? Mwenye koti!

Mwenye ulimi wake akakosa neno. Akashuka.

Akamkuta Nungunungu anafunga mizigo yake mitatu, haraka haraka, kabla haijawa minne.

"Weka chini hizo kuni," Pimbi akasema.

"Hee, dada, kesho bei itapanda!"

"Weka chini! Mnauchochea moto wake, mwanangu anakufa. Hebu mtazame."

Nungunungu akatazama. Kuni zikaanguka, kwachakwacha.

"Kaka, nani anakata kuni kilima hiki?"

"Sisi."

"Mbega amewahi kukata?"

"Mbega akate na nini? Mbega hana dole gumba. Hawezi hata kufunga kamba." Nungunungu akalisikia neno lililomtoka. Akalirudia polepole. "Hawezi… hata kufunga kamba."

"Haya. Umechelewa, lakini karibu."

Pimbi akaita jirani kwa jirani. Paa akaja. Ngiri akaja. Fuko akaja anapapasa. Pimbi akawaambia, "Kuni haziendi juu. Hata kijiti. Ingieni pangoni kwangu."

"Tutakufa baridi!" Ngiri akapiga kelele.

"Mnakufa sasa hivi, tena mnabeba na kuni. Ingia!"

Wakaingia. Wakalaliana kama pimbi wanavyolala, wakubwa chini, wadogo juu, na yule mtoto katikati kabisa.

"Na mimi na miiba yangu nikae wapi?" Nungunungu akauliza.

"Kaa mlangoni, geuzia miiba nje, uzibe upepo. Siku zote ulikuwa wa kusema utaratibu, leo umepata kazi."

Wakacheka. Fuko akalalamika, "Ngiri ananuka jamani."

"Nanuka joto," Ngiri akasema. "Kama hutaki, sogea."

Hakusogea. Nani asogee? Wakapumuliana, fuu, fuu, fuu. Joto likaanza kupanda, taratibu, taratibu. Pimbi ameweka sikio juu ya mwanawe. Hakuna kitu. Akangoja. Hakuna kitu. Akangoja tena.

Te.

Tete.

Tetetete!

"Anatetemeka!" Pimbi akalia. "Jamani, mwanangu anatetemeka!"

Huko juu moto ukala kuni zote, na moto haujui koti. Mbega akashika tawi alivunje, likaponyoka. Akashika tena, likaponyoka. Akapuliza, fuu! fuu! Moshi ukamjaa machoni. Akamtuma Kunguru.

"Krawa! Bei imeshuka! Mzigo mmoja!"

Pangoni kimya, jii.

"Krawa! Nusu mzigo!"

Kimya.

"Krawa! Ofa! Ofa! Ofa!"

Kimya. Kunguru akasogea mlangoni, mabawa yamelowa ukungu. Akainamisha kichwa. "Jamani… kuna nafasi?"

"Pita upande ule," Nungunungu akamwambia. "Angalia miiba."

Mwisho Mbega akashuka mwenyewe, macho mekundu, koti limejaa masizi. "Ndugu zangu wapendwa, tuzungumze. Nimeunda kamati."

"Tumsikilize," Paa akanong'ona. "Amejishusha, mzee wa watu."

Pimbi akatoka nje. Ulimi ulikuwa umerudi.

"Kamati? Mwanangu alipopoa kamati ilikuwa wapi? Ulimtazama, ukavuta shali! Wewe baridi unaisikia kwenye hadithi tu, halafu unatuuzia! Jamani, twendeni juu, kila mtu achukue kaa lake kabla halijazima."

Wakampita. Wakapanda wote, wakachota makaa yaliyobaki.

"Huo ni wizi!" Mbega akapiga kelele. "Huo ni wizi wa mchana!"

Ngiri akageuka. Akainamisha meno yake marefu, akakuna ardhi kwa kwato, kru, kru. Mbega hakungoja maelezo. Akaruka mtini, akapanda tawi, akapanda jingine, akafika kileleni, shali inaning'inia.

"Nitashuka mkitulia!"

"Shuka!" Pimbi akajibu. "Nipo hapa!"

Mpaka leo Mbega anakaa juu, hapendi kukanyaga chini. Anakula majani mabichi, vitamini alizotushauri. Na nyie mkiwa milimani, jioni ikiingia, mtasikia pimbi anapiga kelele porini mpaka nywele zinasimama. Watu husema analia. Halii. Anamtukana Mbega, na hajamaliza.

Funzo ni hili, wakubwa na wadogo. Usizime moto wako wote ukamwachia mwenye koti. Na anayekuuzia kuni zako mwenyewe usimwombe punguzo. Mnyime kuni.

Ngano yangu imeishia hapo. Majivu zoeni nyie.