Nyati Alivyojifanya Mwenye Njia Zote

"Hodi, hadithi yataka kupita!"

"Ipite, njia nyeupe!"

Ala! Ndiyo sauti gani hiyo, mmeshindia maji? Tena! Hadithi yataka kupita!

"IPITE, NJIA NYEUPE!"

Hapo sawa.

Basi hapo kale milimani kulikuwa na njia, jamani, njia! Nyembamba, pana, za kupanda, za kushuka, zinakutana, zinaachana, kama nywele zangu nikiamka. Wenye mbio wanapita, wenye mizigo wanapita, wanaotambaa wanapita, na wanaopunga upepo tu nao wanapita. Zote zinafika chemchemi.

Siku moja Nyati huyo, ndu! ndu! ndu! Akasimama njia panda. "Njia zote zangu! Nani ana kwato nzito kama mimi? Nimekanyaga mimi, zikawa njia. Anayepita alete mzigo wa majani mabichi!"

Kiangazi kile! Majani mabichi utayatoa wapi? Sasa Bi Pimbi wa kwenye mawe, mdogo hivi, mkia hana, maneno anayo, alikuwa na watoto wanne, ndimi zimewakauka. Akajifunga kanga, akabeba kibuyu, huyo kwa Nyati.

"Shikamoo, mwenye njia."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Majani? Baba, nimekuja kukupa hongera! Maana mwenye njia ndiye mwenyeji, na sisi wapita njia ni wageni wako. Mgeni hutozwa? Mgeni husindikizwa! Au kwenu hamsindikizi? Basi, simwambii mtu, aibu hii nitaifunika."

Nyati kichwa kikamvimba, wifi zangu! "Aibu? Mimi? Tangulia, nakusindikiza!"

Wakateremka hadi chemchemi, kwata, kwata. Bi Pimbi akajaza kibuyu, akapiga kigelegele: "Wanyama weee! Mwenyeji anasindikiza!"

Mungu wangu!

Swala akaja. "Hodi mwenyeji, nisindikize!" Vuup! Nyati nyuma yake, ulimi nje. Akarudi, hajala hata jani.

Kobe akaja. "Hodi mwenyeji, nisindikize!" Tepe... tepe... mpaka jua likazama. Akarudi, hajala hata jani.

Konokono akaja, amejipaka mafuta, anakwenda kwa wakwe zake kilima cha tatu. "Hodi mwenyeji, nisindikize!"

Siku ya kwanza, wamepita jiwe. Siku ya pili, wamepita kichuguu. Siku ya tatu Nyati akang'aka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Nipe, mwanangu," Konokono akasema. "Ila nilishike na nini?"

Hahaaa! Nishikeni mbavu, nakufa mie!

Nyati akakaa chini, puu! Njaa imemmaliza. Akalia: "Njia si zangu!"

Bi Pimbi, huyo juu ya jiwe: "Sema kwa sauti, baba. Kilima cha pili hawajasikia."

"SI ZANGUUU! Ni za kila mwenye miguu!"

"Na sisi tusio nayo?" Konokono akauliza.

"NA WASIO NAYOOO!"

Weee! Watoto wa Bi Pimbi wakaporomoka mbio hadi chemchemi, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Na kesho yake kila mnyama alitoka kufagia njia. Hata Nyati, akishashiba, alikuja kusukuma mawe kwa pembe, hakuna aliyemtuma. Kazi anaijua yule, tatizo lilikuwa mdomo.

Haya, hadithi yangu imepita. Aliyeiona aifuate, aliyesinzia abaki na vumbi lake.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: usimsindikize mgeni kamwe, utapoteza njia zako zote! Kwa hiyo mkitaka kuondoka, mlango ule pale, mimi siinuki.

Ee, mnakwenda kweli? Subirini basi nivae kandambili, niwafikishe hapo njia panda.